Maharagwe Yaliyokatazwa Maji

Wananchi wa Nairobi, wa mjini kati, wa Westlands, wa Karen hadi Dagoretti, simameni hapo mlipo mnisikilize: kuanzia Jumatatu hii, tone lolote la maji haliruhusiwi kuingia wala kutoka katika kitu chochote chenye uhai bila kibali cha Idara ya Mipaka Isiyoonekana.

Tangazo hilo niliandika mimi mwenyewe, Mabruki bin Mgeni, Katibu Mwandamizi wa Idara, na nikalisoma kwa kipaza sauti juu ya Landrova ya serikali mwaka wa sabini na tatu. Watu walicheka. Nasema bila kumung'unya maneno: walicheka kwa ujinga wao, na ujinga wa watu si kosa la Idara. Wengine walifikiri natangaza sabuni.

Chanzo cha yote ni safari ya Mkurugenzi wetu, Bwana Dedan Mungai. Alipelekwa ng'ambo kusomea usimamizi wa maghala. Kufika kule akakosea mlango, akaingia darasa la elimu ya viumbe, na kwa kuwa ni mtu mkubwa akaona haya kuinuka na kutoka. Akakaa humo muhula mzima. Siku aliyorudi aliniita ofisini kwake, uso umemparama.

"Mabruki, wewe umeumbwa kwa nini?"

"Kwa udongo, Bwana Mkurugenzi."

"Kwa seli! Vijumba vidogo vidogo ambavyo hata jicho halivioni. Mimi ni seli, wewe ni seli, hata hilo ua dirishani ni seli tupu. Kila kijumba kina utando umekizunguka, yaani ukuta mwembamba. Sasa unajua maji yanafanya nini yakifika kwenye huo utando?"

"Yanabisha hodi?"

"Yanapita, bwana! Yanaingia na kutoka yakitaka, na hakuna anayeyauliza jina!"

Lahaula! Nilishika kifua. Miaka kumi tangu tupate uhuru, na bado maji yanavuka mpaka kama mbuzi wa shemeji.

Akanieleza yote, na mimi nawaeleza nyinyi ili mjue tulikuwa tunapambana na adui gani. Maji yana tabia ya kukimbilia kule kulikojaa zaidi vitu vilivyoyeyuka, kama chumvi na sukari. Chumvi ikizidi ndani ya seli, maji yanaingia. Chumvi ikizidi nje, maji yanatoka yote na kuiacha seli imenywea. Chumvi na sukari zenyewe zina adabu: zinapita katika milango yao maalumu ndani ya utando, na kila mlango una bawabu anayechagua wa kupita na wa kubaki. Na kitu kikitaka kutoka penye wachache kwenda penye wengi, hapo hakipiti bure. Lazima seli itoe nguvu zake kukisukuma. "Nilipofika hapo," alisema Mkurugenzi, "nikajua seli ina serikali ndani yake." Mkaidi alikuwa maji peke yake.

Wizara ikatupa ghorofa ya tatu katika jumba moja karibu na River Road. Upande wa kulia tukaweka Kitengo cha Kuingia, upande wa kushoto Kitengo cha Kutoka, na katikati ukumbi. Ilipofika saa ya chai, wafanyakazi walitiririka kutoka penye wengi kwenda penye birika, mpaka wakawa sawasawa pande zote. Tuliwakemea, hawakukoma.

Operesheni ya kwanza tuliifanya sokoni Westlands. Tulikuta fungu la sukuma wiki limelegea kama kitambaa cha kufutia meza. Mwenye nalo, bila hata kutuogopa, akachovya mkono kwenye kopo akalinyunyizia maji. Tulisubiri. Hazikupita dakika nyingi, lile fungu likasimama wima! Nikaliinamia nikaliuliza, maji hayo umeyapata wapi na nani amekuruhusu kuyaingiza? Likanyamaza. Nikaandika: mshukiwa amekataa kusema. Kutoka hapo tukavamia hoteli ya nyama choma, tukamfumania mpishi anakanda vitunguu kwa chumvi ili kuvitoa ukali, kwa ajili ya kachumbari. Chumvi nje, maji yanamiminika kutoka kitunguuni mchana kweupe. Huo ni utoroshaji. Mpishi alinitazama na macho yake mekundu, akasema, "Mzee, kama ni hivyo niandikie na mimi kibali cha machozi." Nilimwandikia.

Basi, Alhamisi asubuhi akaingia mama mmoja amejifunga leso mbili kiunoni. Jina lake Wanjugu, muuza matumbo kule Dagoretti karibu na machinjioni. Kaunta alikuwapo karani wetu Annah, ambaye hufuma sweta saa zote za kazi na haamini kitu chochote.

"Habari ya hapa," Wanjugu akasema. "Mimi nataka ruhusa ya kuloweka maharagwe."

Nikajitokeza mwenyewe. "Maharagwe kiasi gani, mama?"

"Gunia kumi. Msichana wangu, Virginia, anaolewa Jumamosi. Wamama wa chama yetu walichanga hiyo maharagwe tangu mvua ya kwanza. Ni ya zamani kidogo, ni ngumu kama kokoto. Isipolala kwa maji, haiivi hata ukiipikia moto wa jehanamu."

"Maharagwe makavu yamelala tu," nikamwelimisha, "lakini yana uhai ndani. Yakilowekwa yataingiza maji katika kila seli yake. Unafahamu uzito wa jambo hilo?"

"Nafahamu. Yanakuwa mazito mara mbili." Akasogea karibu. "Nisikie, Bwana. Wakwe wanatoka Nyeri na basi mbili. Wameshaanza kusema ati watu wa Dagoretti ni wachoyo, ati wanakaribisha watu kwa mdomo. Wakikuja wakose chakula, huyo mtoto wangu watamsimanga mpaka akuwe nyanya wa wajukuu. Unaelewa hiyo?"

Nilielewa. Mimi si jiwe. Wengine waliloweka kwa siri usiku na hawakukamatwa. Kosa la mama huyu lilikuwa kutii tangazo. Lakini kanuni ya saba inasema mwombaji wa maji afike mwenyewe kaunta akaguliwe.

"Si nimefika?" akasema.

"Wewe huombi maji, mama. Wanaoomba ni maharagwe."

Annah aliinua macho kutoka kwenye sweta, akayarudisha.

Wanjugu alikaza leso zake kiunoni. Kisha akasema, "Haya," akateremka. Mchana akarudi na lori la kuazima na wamama wa chama, nao wakapandisha magunia kumi hadi ghorofa ya tatu kwa mgongo, wakiimba nyimbo ambazo sikuzielewa lakini nilisikia jina langu ndani yake. Wakayapanga ukumbini. Nilikuwa nimeshatoa fomu ya kwanza pale Bwana Mkurugenzi alipotoka ofisini kwake akaiona ile shehena, na macho yake yakang'aa.

"Mabruki! Kesho anakuja Mheshimiwa Waziri kukagua kazi yetu. Tutamwonyesha nini? Sukuma wiki? Haya ndiyo ya kumwonyesha! Tutayamwagia maji mbele yake, na tutayakataza kuyanywa."

"Na yakiyanywa, Bwana Mkurugenzi?"

"Yatakunywaje na yamekatazwa?"

Nikaandika: yamekatazwa.

Wanjugu alipoambiwa maharagwe yake yamezuiliwa kwa masilahi ya taifa, hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Aliketi kwenye benchi, akaweka mikono mapajani, machozi yakaanza kumtoka, na wala sikuthubutu kumwuliza kibali. "Basi nitawaambia wakwe nini?" alinong'ona. "Ati serikali imekula maharagwe?" Roho iliniuma, wallahi. Nikampelekea chai. Akainywa, akafuta uso, akasema kesho atarudi na atakaa hapo hapo kwenye benchi mpaka maharagwe yake yatoke.

Ijumaa saa tatu asubuhi Mheshimiwa Waziri alifika. Magunia yalikuwa yamehamishiwa chumba cha kumbukumbu, chumba kidogo kizuri sana cha zege: hakina dirisha, kina mlango mmoja wa chuma unaofungukia ndani, kizingiti kirefu cha kuzuia mafuriko, na kidirisha kimoja kidogo cha kupitishia mafaili kwenda kaunta. Magunia yalipangwa kuta zote mpaka karibu na dari. Kila gunia lilibandikwa ilani yenye muhuri: NI MARUFUKU KUINGIZA MAJI. Katikati tukaweka viti viwili, meza, na jagi la maji ya kunywa kwa ajili ya Mheshimiwa. Mkurugenzi akavaa gambuti, Waziri naye akapewa gambuti.

Mlango ukafungwa kutoka ndani, maana Mkurugenzi hakutaka maji ya nje yasiyosajiliwa yachanganyike na ya majaribio. Mimi nikakaa kwenye kidirisha kama mwandishi rasmi. Mkurugenzi akafungua mpira wa zimamoto, akayalowesha magunia yote, maji yakajaa mpaka magotini. Kisha akasoma taarifa ya Idara. Kisha Mheshimiwa Waziri akasimama kujibu kwa maneno machache, na maneno hayo machache yalitufikisha saa tisa. Kila baada ya aya alikunywa glasi moja. Alisifu sana nidhamu ya maharagwe. "Tazameni," alisema, "yametulia! Laiti wapiga kura wangu wangekuwa hivi!"

Kwa hakika yalitulia. Ila mimi niliyekuwa naandika niliona kwamba yale maji ya magotini yalikuwa yameshuka hadi kwenye vifundo, na magunia yalikuwa yamenenepa. Nani amkatize Waziri?

Gunia la kwanza lilipasuka Mheshimiwa akiwa kwenye neno "maendeleo". La pili likafuata, halafu yote yakaitikiana kama watu wa harusi. Maharagwe yalimiminika, makubwa, yenye afya, yanang'aa, yakafunika meza, yakafunika viti, yakasimama mbele ya mlango mpaka usawa wa kifua. Mkurugenzi akavuta mlango. Mlango unaofungukia ndani, na ndani kumejaa. Haukusogea hata unywele.

"Mabruki! Sukuma!"

Nikasukuma, Annah akasukuma. Wapi!

Hapo Wanjugu akainuka kwenye benchi lake. Akaja kwenye kidirisha, akaingiza mkono, akachota maharagwe kiganjani, akaitia ukucha punje moja. Uso wake wote ukafunguka.

"Ngai wangu! Imelowa vizuri hii! Nani ameloweka?"

"Serikali," nikasema.

"Mungu awabariki. Mimi singeweza vile."

Ndani Mkurugenzi alikuwa anatapatapa. "Mabruki, toa haya maharagwe! Toa kibali! Maharagwe yote yaliyomo chumbani yaruhusiwe kutoka, mara moja!" Akanipitishia muhuri wake kidirishani nikaandika kibali, nikakirudisha akakitia sahihi: maharagwe yote yaliyomo chumbani, mali ya mama Wanjugu wa Dagoretti, yaruhusiwe kutoka na akabidhiwe mwenyewe.

Kutoka kuna kazi yake. Maharagwe hayakuja kidirishani yenyewe, yalitaka kuinuliwa. Wanjugu akawaita wamama wa chama waliokuwa chini kwenye lori, wakapanda na sufuria na magunia makavu, wakapanga foleni huku nje. Kule ndani walikuwapo watu wawili tu. Basi Mkurugenzi alichota kwa kikapu cha takataka, na Mheshimiwa Waziri, ambaye tangu achaguliwe hajabeba hata mkoba wake mwenyewe, alichota kwa kofia. Kofia ikija kidirishani, Wanjugu anaipokea, anaimwaga, anairudisha.

"Jaza, bwana. Hii ni nusu."

"Mama, unajua mimi ni nani?"

"Wewe ni yule wa kofia. Jaza."

Nilimsikia Mheshimiwa anahema. Jasho lilimtiririka, na jasho ni maji yanayotoka, lakini kwa heshima ya cheo chake nilitazama pembeni. Baadaye akaanza kuchota akiwa amebana mapaja. Akaja kidirishani akaniita karibu, akaninong'oneza.

"Kijana. Yale maji niliyokunywa wakati wa hotuba."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Yanataka kutoka."

Nilimhurumia kwa dhati, maana jagi lile lilijazwa mara tatu. Lakini tangazo nililiandika mimi na yeye ndiye aliyelitia sahihi: hakuna maji kutoka katika kitu chenye uhai bila kibali. Nikamkumbusha hivyo kwa unyenyekevu. Akanitukana kwa lugha mbili.

Magharibi ilipokaribia, mlango ulikuwa umepata nafasi ya kufunguka kiasi cha mtu kupenya ubavu. Mkurugenzi akachomoza kichwa. Nikaweka mkono mlangoni. Msinione vibaya; sheria ni msumeno.

"Bwana Mkurugenzi, kibali chako cha kutoka?"

"Kibali gani, wewe? Mimi ndiye ninayetoa vibali!"

"Ndiyo, ila kanuni ya kumi na moja, uliyoileta wewe mwenyewe ili kukomesha ufisadi, inasema afisa asijipigie muhuri. Na nyote wawili mmebeba maji miilini mnayotaka kuyatoa humu. Kamasi zinakutoka."

"Basi Mheshimiwa ataniidhinisha!"

"Mheshimiwa huidhinisha akiwa ofisini kwake tu, mbele ya karani wake. Na kufika ofisini kwake lazima kwanza atoke hapa, kwa muhuri wako, ambao huwezi kuupiga mpaka yeye akuidhinishe."

Nilisikia Mheshimiwa anarukaruka kwa mguu mmoja mbele ya rafu za mafaili.

Ndipo Annah, bila kuacha sindano zake, akasema: "Si kile kibali cha maharagwe bado kiko wazi? Waandikishe kama maharagwe, watoke, twende nyumbani."

Masalale! Nilikisoma tena. Kinasema maharagwe yote yaliyomo chumbani. Kitengo cha Kuingia hakikuwa na pingamizi, Kitengo cha Kutoka hakikuwa na pingamizi. Mkurugenzi alianza kubisha juu ya hadhi, lakini Mheshimiwa alimsukuma kando. "Niandike maharagwe!" alipiga kelele. "Niandike choroko! Niandike chochote, nitoe!"

Wakaweka sahihi wote wawili, punje mbili. Nikafungua mlango. Mheshimiwa alipita mbele yangu kama risasi akielekea msalani, na wamama wawili wa chama wakamfuata mbio.

"Mnakwenda wapi?" Mkurugenzi akauliza.

"Kumngojea mlangoni," Wanjugu akajibu. "Mali ya mtu haiachwi izurure." Akanigeukia. "Bwana Mabruki, soma tena hiyo karatasi. Maharagwe yote ni ya nani?"

Nikasoma. Nilisoma polepole, maana nilianza kuona tunakoelekea. "Yako, mama. Akabidhiwe mwenyewe."

"Basi na hizo mbili ni zangu. Pandeni kwa lori."

Bwana Mkurugenzi alinitazama. Nilipekua kanuni zote thelathini na nne na sikupata hata moja ya kumwokoa, kwa sababu tulizitunga vizuri. Wakapanda. Mheshimiwa, ambaye sasa alikuwa na uso wa amani, aliketi juu ya gunia, na mimi nikapanda nyuma kuwakilisha Idara katika makabidhiano.

Tukafika Dagoretti kukiwa na moto mkubwa nyuma ya kanisa, mapipa ya kupikia yamepangwa, na wamama wengi wameketi kwenye mikeka wakichambua. Virginia, bibi harusi mwenyewe, alipoona magunia yanateremshwa alimkumbatia mama yake akalia kwa sauti, na mama naye akalia, na wote mle uani wakapiga vigelegele. Wakwe wangekula.

Kazi ya kuchambua maharagwe ina utaratibu wake. Punje iliyokunywa maji inakwenda chunguni. Iliyogoma, ambayo imebaki kavu na ngumu vile vile, inatengwa. Wanjugu alipita mkeka kwa mkeka akikagua, akafika pale walipowekwa wale wawili. Walikuwa wamepewa mwiko mmoja mkubwa wakoroge kwa zamu. Mkurugenzi alikuwa amekunja mikono. Mheshimiwa alikuwa anaulizia meza kuu iko wapi.

"Koroga, bwana," Wanjugu akamwambia Mkurugenzi.

"Mimi sikorogi. Mimi ni Mkurugenzi."

"Na wewe?"

"Mama, mimi kazi yangu ni kuhutubia."

Wanjugu aliwatazama mmoja mmoja, taratibu, akamfinya Mkurugenzi shavu kwa kidole na gumba, kisha Waziri. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akawageukia wamama wa chama.

"Hizi mbili bado ngumu," akasema. "Zirudisheni kwa maji."